Mlipata A- Nyote, Mbona Yeye Tu Ndiye Aliitwa Kusomea Udaktari?

Chukua wasee wawili. Wote wamepata A- kwenye KCSE, na wote wanataka kusomea udaktari. Katika masomo manne yanayopimwa kwa kozi hiyo, yakiwemo Biolojia na Kemia, kila mmoja ana A mbili na A- mbili. Hizo ni pointi 46 kati ya 48. Mmoja anaitwa chuoni, mwingine anaambiwa atafute kozi nyingine. Mtaani stori itakuwa moja tu: "Huyo lazima babake anajuana na mtu."

Pengine hakuna aliyejuana na mtu. Ile 46 ni alama mbichi, na KUCCPS haikupangi foleni kwa alama mbichi. Zinabadilishwa kwanza.

Fomula ambayo imezunguka shuleni kwa miaka ni hii. Gawa pointi za masomo yako manne kwa 48. Gawa jumla ya masomo saba kwa 84. Zidisha majibu hayo mawili, tafuta kipeuo cha pili, kisha zidisha kwa 48. Ni makadirio, kwani hesabu ya mwisho ni ya KUCCPS wenyewe, lakini inakuonyesha mambo yanavyoenda.

Sasa rudi kwa wale wawili. Wa kwanza ana jumla ya 80, wa pili ana 74. Zote ni A-, maana gredi hiyo huanzia 74 hadi 80. Piga hesabu: wa kwanza anapata kama 45.86, wa pili 44.10. Tofauti ni karibu pointi mbili, na kwa kozi inayong'ang'aniwa kama udaktari, watu huachwa nje kwa desimali. Kilichomwangusha wa pili si Biolojia. Ni B+ moja na B mbili kwenye yale masomo mengine matatu aliyoambiwa ni ya "kujazia".

Je, ni haki? Kuna hoja kwamba daktari anafaa kuwa mtu wa kujituma kila mahali, si maabara pekee. Sawa, naielewa. Shida yangu ni wakati tunaoambiwa. Masomo uliyachagua ukiwa kidato cha pili, lakini fomula unakutana nayo baada ya matokeo, ukiwa saiba na simu mkononi, wakati hakuna cha kubadilisha.

Linganisha na Marekani. Anayefanya MCAT, mtihani wa kuingia shule za udaktari kule, anajua mapema kwamba kuna sehemu nne, kila moja ikipimwa kuanzia 118 hadi 132, na jumla ni 472 hadi 528. Anajua pia jibu lisilo sahihi halimpunguzii alama. Na anaelezwa kwa nini majibu aliyopata hugeuzwa kuwa kipimo hicho: karatasi za siku tofauti hazilingani kabisa kwa ugumu, hivyo aliyepata ngumu kidogo asiumie. Mtihani ni mgumu balaa, lakini mizani iko wazi mezani.

Hicho ndicho nataka hapa kwetu. Fomula ifunzwe darasani mapema, kabla ya fomu ya masomo kujazwa, na mwalimu aipige ubaoni kwa mifano. Mimi chuo niliacha, kwa hivyo sina kozi ninayoipigia debe. Lakini nimeona vijana wakibeba aibu ya "kufeli sayansi" ilhali sayansi waliipasua.

Kama una mdogo wako aliye shuleni na anaota koti jeupe, shika kikokotoo leo jioni mfanye hesabu hii pamoja. Mwambie hakuna somo la kujazia.