Dhahabu Huondoka, Shimo Hubaki

Msafiri apitaye Geita leo huonyeshwa mgodi mkubwa wenye mitambo na ulinzi. Ni wachache wamwambiao kwamba katika nchi hiyo hiyo palikuwa na mgodi mwingine, ulioanza kazi katika miaka ya 1930, ukafungwa mwaka 1966. Twaona yafaa kuikumbusha habari hiyo, kwa kuwa ndani yake imo hesabu impasayo kila mfanyakazi kuijua.

Wajerumani walikwisha kuiona dhahabu ya Geita mwaka 1898. Huko Sekenke, upande wa Iramba, walianza kuchimba mwaka 1909. Na mwaka 1916, walipobanwa na vita, wakafua kwa dhahabu hiyo sarafu za rupia 15 pale Tabora. Leo sarafu hizo zenye sura ya tembo hununuliwa kwa bei kubwa na wakusanyaji wa nchi za mbali. Sekenke ilirithi mashimo.

Chini ya Waingereza, Geita ikawa mgodi mkubwa wa dhahabu kupita yote ya Afrika Mashariki. Katika miaka yake thelathini hivi yakadiriwa kuwa ulitoa karibu wakia milioni moja. Hisa zilikuwa za wageni. Jasho lilikuwa la Mwafrika.

Basi mbona ulifungwa? Tangu mwaka 1934 bei ya dhahabu ilikuwa imefungwa kwa dola 35 kwa wakia, hali gharama za uchimbaji zikipanda mwaka hata mwaka. Bei hiyo ilifunguliwa mwaka 1971, na mwaka 2000 Geita ikaanza tena kutoa dhahabu. Kumbe mwaka 1966 dhahabu haikuwa imekwisha. Iliyokwisha ni faida. Uhai wa mgodi hutegemea daftari la mwenye mali, na daftari hilo huandikwa mbali na kijiji.

Wala tusiwatupie wageni lawama yote. Mwaka 1996 wachimbaji wadogo waliondolewa Bulyanhulu kuipisha kampuni kubwa, nasi tulikuwa tumekwisha kujitawala. Sheria ya mwaka 1998 iliridhika na mrabaha wa asilimia 3 tu kwa dhahabu. Ilitubidi kungoja hadi 2010 upande kuwa 4, na hadi 2017 upande kuwa 6, pamoja na haki ya Serikali kupata hisa zisizopungua asilimia 16. Mwaka 2019 mchimbaji mdogo akafutiwa kodi ya ongezeko la thamani, na Geita ikapata soko lake la dhahabu. Hayo ni mema, na twayasifu.

Lakini asilimia haizibi shimo. Mgodi wa Buzwagi, wilayani Kahama, ulioanza mwaka 2009, ulimaliza uzalishaji mwaka 2021, muda usiotosha mtoto kumaliza shule. Imekusudiwa eneo lake ligeuzwe kuwa mahali pa viwanda. Shabaha hiyo ni njema, nayo itapimwa kwa idadi ya watu watakaoajiriwa hapo.

Wahenga walisema: mali bila daftari huisha bila habari. Kwa hiyo twasema wazi. Mpango wa kufunga mgodi usomwe hadharani katika mikutano ya vijiji siku mgodi unapofunguliwa, usingoje siku ya kufungwa. Mfanyakazi afundishwe ufundi utakaomlisha nje ya mgodi. Na mchimbaji mdogo, aingiaye duarani kwa kamba na kuikamata dhahabu kwa zebaki inayomdhuru yeye na wanawe, apewe eneo halali, mtaalamu na zana salama, badala ya kufukuzwa leo na kurudi kesho usiku.

Dhahabu haioti mara ya pili kama pamba. Ikisha kuondoka imeondoka. Tuhakikishe basi kwamba itakapoondoka, wajukuu wetu wataonyeshwa kitu kingine zaidi ya shimo.