Mfupa Haujui Kalenda

Wanafunzi wenzangu, wako watu wanaosema kwamba daktari akitazama mfupa au jino mara moja tu, anajua mwenyewe alizaliwa lini. Mimi napinga. Mfupa husema habari ya ukuaji, haujui kalenda.

Chukueni mfano wa paka. Paka mchanga akifa, ncha za mifupa yake mirefu huwa hazijaungana na mfupa wenyewe, katikati mna gegedu. Akifikisha kama mwaka mmoja na nusu hadi miwili, karibu zote zimeshaungana. Kwa hivyo wanaochimbua mabaki ya kale wakikuta ncha zilizoachana, wanajua huyo alikufa mdogo. Je, zikiwa zimeungana? Hapo paka wa miaka 3 na wa miaka 12 ni sawa tu! Tena paka aliyehasiwa mapema, ncha zake hukawia kuungana. Kwetu sisi wafugaji hilo si geni. Beberu aliyehasiwa angali mdogo, mbona hurefuka miguu?

Hata binadamu amewatatiza wataalamu. Mwaka wa 1984, Mkenya Kamoya Kimeu aligundua kule Nariokotome, Turkana, mabaki ya mvulana aliyeishi miaka kama milioni 1.5 iliyopita. Mifupa yake ilipopimwa kwa kipimo cha watu wa leo, alionekana wa miaka 13. Kwa meno, kama 11. Baadaye mistari ya ukuaji iliyomo ndani ya meno ilipochunguzwa, ikawa kama 8. Mtoto mmoja, majibu matatu!

Sasa haya yanatuhusu nini hapa Isiolo? Yanatuhusu sana. Wengi huku walizaliwa manyattani bila cheti. Kijana akitaka kitambulisho, huenda akapelekwa apimwe umri, na akiambiwa hajafika 18, basi, anarudi nyumbani mikono mitupu.

Maoni yangu ni kwamba kipimo kiandikwe kama kadirio, mathalani "kati ya 16 na 19", na wazazi nao waulizwe. Mama yangu husema nilizaliwa wakati wa ule ukame wa 2009. Huo pia ni ushahidi, tena ukame huo unajulikana mwaka wake.

Nanyi wazazi, andikisheni watoto mapema. Tumezoea kusema haraka haraka haina baraka, lakini kwa jambo hili, kuchelewa ndiko kusiko na baraka.