Mbona Jana Aliongea?

Uongozi wa shule moja hapa Pwani ya Kenya umemnyang'anya mwanafunzi wa Gredi ya 7 kijitabu anachoandikia majibu pale sauti inapomkatika. Msichana huyo ana usonji. Siku nyingi huongea kama wenzake, tena Kiswahili fasaha. Lakini darasa likijaa kelele, ratiba ikibadilishwa ghafla au akikaripiwa, maneno hugoma kutoka. Mara nyingine ni dakika chache, mara nyingine ni nusu siku. Hoja ya shule ni fupi: mtoto aliyejibu maswali jana hawezi kudai leo kwamba hawezi kuongea. Uamuzi huo ni wa kikatili, na umesimama juu ya kosa.

Wanaoutetea wana mengine mawili ya kusema. Kwanza, eti wanafunzi wengine nao watataka kujibu kwa karatasi. Mwalimu anayewajua wanafunzi wake atawajibu. Pili, eti akizoea kuandika atakuwa mvivu wa kuongea. Hofu hii ilikwisha kupimwa. Mwaka 2006 Diane Millar, Janice Light na Ralf Schlosser walipitia tafiti kuhusu watu wenye ulemavu wa ukuaji waliopewa njia mbadala za kuwasiliana. Katika visa 27 walivyovikagua kwa makini, hakuna hata kimoja ambamo usemi ulipungua. Katika vingi uliongezeka.

Inabaki ile hoja ya jana, na ndiyo inayonikera zaidi, kwa sababu masikioni mwa wengi inasikika kama busara.

Kuongea si kitendo kimoja. Ubongo huchagua neno, hulipanga katika sentensi, kisha huamuru pumzi, koo, ulimi na midomo vifuatane bila kukosana. Wengi wetu hatuihisi kazi hiyo. Mtu mwenye usonji anapolemewa na kelele, mwanga na macho ya watu kwa wakati mmoja, kazi hiyo inaweza kukwama huku akili ikiwa macho. Anasikia, anaelewa, jibu analijua. Wapo wanaoweza kuandika wakati huo, wapo wanaoweza kuonyesha picha tu, na wapo wasioweza lolote mpaka watulie.

Mama wa msichana alinisimulia siku yenyewe ilivyokuwa. Mvua ilikuwa inapiga mabati, madawati yanaburutwa, mwalimu anapaza sauti ili asikike. Akamwita msichana mbele ataje sehemu za ua. Midomo ikafunguka, sauti haikutoka. Msichana akafungua kijitabu chake akaandika: petali, sepali, stameni. Majibu yote sahihi. Mwalimu akakichukua kijitabu, akamwambia asimame pale pale mpaka aseme. Alisimama hadi kengele ya mapumziko, darasa zima likimtazama.

Kila dakika aliyosimama iliongeza kile kile kilichoiziba sauti yake. Na mtihani aliopewa haukuwa na namna ya kufaulu. Angeongea, angeonekana alikuwa anajifanya. Hakuongea, akaitwa jeuri. Mwenye pumu aliyekimbia uwanjani jana hanyimwi dawa ya kuvuta leo kifua kinapombana, wala haambiwi athibitishe kwanza kwamba jana pia alikuwa hapumui vizuri. Kwa nini basi sauti ya jana iwe ushahidi dhidi ya mtoto leo?

Ubaya wa hoja hii ni kwamba inawaumiza hasa wale waliojitahidi. Mtoto asiyeongea kabisa walau huonekana ana haja ya msaada. Anayeongea siku nyingi na kunyamaza siku chache hubaki bila chochote: kila sentensi aliyofanikiwa kuitamka inahesabiwa kuwa sababu ya kumnyima msaada siku inayomshinda. Tunamfundisha nini mtoto huyo, ikiwa si kwamba ni salama zaidi kutoongea kamwe?

Sheria haikuacha mwanya hapa. Kifungu cha 54 cha Katiba ya Kenya ya 2010 kinampa mtu mwenye ulemavu haki ya kutumia lugha ya ishara, breli au njia nyingine inayomfaa ya mawasiliano. Hakikuandika kwamba awe bubu siku zote kwanza. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu wenye Ulemavu, ambao Kenya iliuridhia mwaka 2008, unahesabu maandishi kuwa mawasiliano sawa na usemi. Katiba hiyo hiyo, Kifungu cha 49, inamlinda mtu aliyekamatwa na polisi asilazimishwe kusema. Mshukiwa wa wizi ana haki ya kukaa kimya, na mtoto aliyeshindwa kutoa sauti anaadhibiwa mbele ya wenzake. Kwa hili sina subira tena.

Hakuna anayemtaka mwalimu awe daktari. Anachotakiwa ni kupunguza kelele, kuacha kushinikiza, kusubiri, na kupokea jibu lililoandikwa kama anavyopokea lililotamkwa. Hali hiyo iandikwe katika faili la mwanafunzi ili kila mwalimu anayeingia darasani aijue, na swali la kwa nini jana aliongea lisiulizwe tena. Hayo hayahitaji bajeti wala kibali cha wizara. Shule inayoyakataa haijakosa uwezo. Imekosa utayari wa kumwamini mtoto.