Jalada si Gazeti

Wapo wazee wenzangu hapa Mbangala ambao, yakitajwa magazeti ya hadithi za picha ya zamani, macho huwang'aa. Watakusimulia habari za Lance Spearman, yule mpelelezi wa gazeti la African Film: kofia yake, sigara yake nene, gari lake la fahari. Waulize hadithi zenyewe zilikuwaje, wanaanza kukohoa. Wanachokumbuka ni jalada. Nami nasema bila kumung'unya maneno: jalada lilikuwa bora kuliko gazeti lenyewe, na tuache kuwadanganya vijana kwamba enzi zetu tulisoma dhahabu tupu.

Nakubali, jalada lile lilikuwa na kazi yake. Lilikuwa la rangi, na halikuhitaji Kiingereza, lugha ya gazeti zima ambayo wengi hawakuijua. Mtu mweusi ndani ya suti, bastola mkononi, hamwogopi yeyote! Kwa watu waliozoea kumwona Mwafrika katika filamu akibeba mizigo ya wengine, picha hiyo peke yake ilikuwa hoja.

Lakini hebu fungua ndani. Rangi imekwisha. Jambazi analeta hila, Spearman anamshushia ngumi, mambo yamekwisha. Toleo linalofuata, yale yale.

Wala kasoro si ya ufundi tu. Gazeti hilo lilitolewa na kampuni ya Drum, yenye asili ya Afrika Kusini, mwishoni mwa miaka ya 1960 na mwanzoni mwa miaka ya 1970. Kuanzia 1970 hadi 1975 reli ya TAZARA ilijengwa, ikapita hapo Tunduma, ili shaba ya Zambia isitegemee njia za makaburu na walowezi wa Rhodesia. Sisi tuliijua vita hiyo. Je, Spearman aliijua? Katika dunia yake hakuna sheria za pasi, wala kivuli cha Sharpeville. Shujaa mweusi kutoka nchi ya makaburu anahangaika na majambazi na wanasayansi wendawazimu! Jalada lilimpa Mwafrika heshima; kurasa za ndani zikamziba mdomo.

Ndiyo maana namheshimu Faraji Katalambulla, mwandishi wa Simu ya Kifo (1965), aliyetuletea Film Tanzania. Njia ilikuwa ile ile ya picha, lakini walau msomaji alizungumzishwa kwa Kiswahili chake.

Kwa hiyo, kijana wa Songwe mwenye kipaji cha kuchora, usilewe sifa zetu za uzeeni. Chora jalada la kusimamisha watu sokoni, hilo ni halali yako. Lakini ndani mtie dereva anayelala kwenye foleni ya mpakani, na mchimbaji mdogo anayetoka shimoni na vumbi bila dhahabu. Mtu akitoa fedha yake, hajanunua karatasi ya juu peke yake. Ukimpa hiyo tu, umemwibia, hata kama anatabasamu.