Eosinofili zikizidi, minyoo itafutwe kwanza

Dada mmoja wa Myamba, Same, ameniandikia kuhusu mumewe. Anawashwa mwili mzima, anakohoa na amekonda. Kipimo cha picha kamili ya damu kimeonyesha eosinofili 2,900. Jirani amewashauri wanunue vidonge vya prednisoloni kwenye duka la dawa, kwa kuwa viliwahi kumtuliza mwanawe mwenye pumu. Anauliza: wanunue?

Dada, msinunue.

Eosinofili ni chembe nyeupe za damu. Huongezeka mtu akiwa na minyoo au mzio. Kwa kawaida hazizidi 500 katika maikrolita moja ya damu. Zikikaa juu ya 1,500 kwa muda mrefu, zinaweza kuharibu moyo, mapafu, ngozi na mishipa ya fahamu.

Huku kwetu minyoo ndiyo ya kutafutwa kwanza. Anayelima tangawizi pekupeku anaweza kupata safura. Anayeingia majaruba ya mpunga kule tambarare anaweza kupata kichocho. Yupo pia mnyoo aitwaye strongiloidesi, anayepenya ngozi ya mguu na kuishi mwilini miaka mingi. Huyo ndiye anayenitia hofu. Prednisoloni hushusha kinga, naye huzaliana na kusambaa mwili mzima hadi kuua. Kipimo kimoja cha choo humkosa mara nyingi, hivyo daktari anaweza kumpa mumeo ivermektini kabla ya prednisoloni.

Minyoo na mzio visipokuwa chanzo, na eosinofili zikabaki juu, ndipo madaktari hufikiria ugonjwa adimu wa damu. Hapo prednisoloni huwasaidia wengi, ila kwa dozi ya daktari, na haiachwi ghafla. Wachache wana hitilafu ya jeni iliyotangazwa na watafiti mwaka 2003. Hao hutibiwa kwa imatinibu, dawa ile ile ya saratani ya damu, na mara nyingi miligramu 100 kwa siku hutosha. Baadhi ya wasio nayo hupewa sindano za mepolizumabu, zilizoidhinishwa Marekani kwa ugonjwa huu mwaka 2020.

Mpeleke hospitali ya wilaya Same na karatasi ya vipimo. Mtajieni daktari kila dawa anayotumia, hata za miti shamba. Ulizeni kuhusu rufaa ya KCMC, Moshi, moyo wake ukaguliwe. Akihema kwa shida, kifua kikimbana au miguu ikivimba, msisubiri gulio lipite. Ondokeni siku hiyo hiyo.