Kabla ununue ‘dawa ya waya’, safisha waya kwanza

Kama uko Mitaboni na wufa yako imeanza kukwaruza, huenda umeshaambiwa ununue kichupa cha dawa ya kupaka kwenye viungio vya waya. Ngoja kidogo.

Vumbi na unyevu hufanya shaba iote kutu, umeme ukapita kwa shida. Dawa inayotoa uchafu huo inasaidia, hilo halina ubishi. Shida ni zile zinazoahidi kuongeza utamu hata kwa waya safi. Piga hesabu: spika nyingi za nyumbani zina ukinzani wa omu 4 hadi 8, ilhali kiungio safi kilichokazwa vizuri hakifiki hata omu 0.1. Sasa hapo utaongeza nini?

Zima redio, chomoa waya, kata ncha iliyochakaa, kaza upya. Bado una shaka? Rafiki yako abadilishe waya uliopakwa na usiopakwa, wewe ukiwa umegeuka. Ukishindwa kutofautisha, jibu umepata.

Kifungu cha 46 cha Katiba ya 2010 kinakupa haki ya kupewa habari unazohitaji kuhusu bidhaa. Muulize muuzaji: ilipimwa wapi, na vipi? Akianza kuzungukazunguka, pesa zibaki mfukoni.