Mambo ya Nyumbani: Waya Uliozikwa Ukutani

Kijana mmoja wa Mombasa, ambaye amekwisha kuinua kuta za nyumba yake na sasa angoja kupiga lipu, ametuuliza vipi atauficha waya wa dishi, kwani mkewe hataki kuona mkia mweusi ukining'inia dirishani. Tumefurahi kwa swali lake, maana ameliuliza mapema. Wengi katika ndugu zetu huliuliza baada ya kuhamia, na hapo jawabu ni tindo, na vumbi, na rangi kununuliwa mara ya pili.

Basi na ajue ya kwamba ukutani huzikwa bomba, na waya hupita ndani yake. Bomba la plastiki la milimita 25 huanzia juu karibu na paa, likashuka katika mfereji uliochongwa kwenye matofali hata kwenye kisanduku kitakachokuwa nyuma ya televisheni. Ndani yake huachwa kamba ya kuvutia, ili siku ya haja waya mpya ufungwe kwenye ncha ya kamba hiyo uvutwe pasi na kuvunja kitu. Pembe za bomba ziwe za mviringo mpana, wala si kiwiko kikali kama cha mabomba ya maji. Waya wa dishi una unene wa kama milimita 7, na ukikunjwa kwa nguvu hubonyea ndani na mawimbi hupungua, hata kama kwa nje hauonyeshi jeraha. Usichanganywe katika bomba moja na nyaya za umeme wa nyumba, kwani hilo ni la khatari. Na tundu la kuingilia liinamishwe kuelekea nje, ili maji ya mvua yasifuate waya mpaka ndani.

Hayo ni mepesi, na kila fundi ayajua. Tulilotaka khasa kulisema ni khabari ya kiungo.

Waya huu haubebi picha peke yake. Kutoka kwenye king'amuzi hupanda umeme mdogo, volti 13 au 18, kukilisha kile kichwa kilicho mbele ya dishi. Na kwa tofauti hiyo ya volti ndipo kichwa hujua kipokee mawimbi ya upande gani. Sasa fundi akipungukiwa na mita mbili, huunga, kisha lipu ikafunika. Siku ya kwanza picha ni safi, fundi hulipwa na kuombewa dua. Lakini kwetu pwani hewa ina chumvi, na ukuta hunywa maji wakati wa masika. Kiungo huliwa na kutu, umeme hupungua njiani, na zile chaneli zitakazo volti 18 hupotea ilhali zile za volti 13 zingaliko. Wenye nyumba hustaajabu. Hununua king'amuzi kipya, humlipa fundi wa pili alizungushe dishi lisilo na kosa. Sisi wenyewe tulikaa miezi mitatu katika hali hiyo, na mmoja wapo ulikuwa mwezi wa Ramadhani, watoto wakitaka kuitazama tarawehe ya Makka. Hata ukuta ulipovunjwa tukakiona kiungo kimezungushiwa utepe tu, nacho kimegeuka rangi ya kijani.

Imam Muslim amepokea kwa Abu Huraira khabari ya Mtume wetu (s.a.w.) alipopita penye rundo la chakula lililokuwa likiuzwa, akatia mkono wake ndani, vidole vikakuta umaji. Mwenyewe akasema kuwa ni mvua. Mtume akamwuliza kwa nini asiuweke ule umaji juu watu wauone. Tazama, mtu yule hakuiloweka nafaka yake kwa makusudi; kosa lake lilikuwa katika kufunika. Na ukuta uliokwisha kupigwa lipu una pakavu pa juu kama rundo lile.

Lakini tusimwonee fundi. Mara nyingi mwenye nyumba ndiye anunuaye waya kwa kukadiria kwa macho, na fundi akirudi kuomba mita mbili humkemea kuwa ni mwizi. Atafanyaje basi? Nunua waya mmoja mzima usio na kiungo kutoka dishini mpaka kisandukuni, upime kwa kamba, ukaongeze mita tatu. Tena chukua sumaku dukani: ikiushika uzi wa katikati, huo ni chuma kilichopakwa shaba. Chuma hicho chafaa kwa masafa mafupi, ila usilipe bei ya shaba tupu.

Jingine ni la paa. Fundi akiwa juu huuona ua wa jirani, na humo wamo wake na mabinti wakipika na kuanua nguo. Jirani apelekewe salamu kabla ya ngazi kusimamishwa, naye fundi apige hodi kwa sauti kabla ya kupanda. Twajua mtaa ambao ujirani wa miaka mingi uliharibika kwa sababu ya asubuhi moja tu ya namna hiyo.

Na kabla ya lipu, ewe kijana, piga picha kila ukuta uliopitiwa na bomba, utepe wa kupimia ukiwa umenyoshwa kutoka pembe ya chumba, umpe mkeo aziweke pamoja na hati ya kiwanja. Yeye ndiye atakayepigilia misumari ya mapazia.